Nyota tatu kwa huduma ya vibali vya madini na urithi wa Waaborijini, Australia Magharibi

Naanza na alama, asiye na muda aondoke nazo. Ramani zao za mtandaoni: nyota tano. Namna idara mbili zinavyopeana taarifa: tatu na nusu. Ulinzi wenyewe wa maeneo ya Waaborijini: mbili. Hesabu inatoa tatu na nusu kamili, lakini hiyo nusu nimeikata kwa makusudi, na sababu utaiona huko mbele.

Mimi ni Mtanzania, mtoto wa Shinyanga, niliyeanza kwa kubeba mifuko ya sampuli kwenye mashine za kuchoronga Kanda ya Ziwa. Sasa nakaa Perth na kazi yangu ni leseni: kuziomba, kuzilipia, kuhakikisha hazifi kwa kupitwa na tarehe. Kampuni tuliyomo ni ndogo, ofisi ya kupanga pale West Perth, hisa zake zinauzwa kwa senti. Mitaa ile imejaa kampuni za aina hiyo na nyingi zina mguu mmoja Afrika. Base Resources, iliyochimba madini ya titani Kwale mpaka mwisho wa 2024, ilikuwa na makao yake humu humu. Ndiyo maana vijana wetu wa jiolojia wanaofika hapa, awe katoka Dodoma au Nairobi, hunitafuta na swali lile lile: "Kaka, hapa kibali kinatokaje? Na hawa wenyeji wa asili, unaongea nao wewe au serikali?"

Jibu fupi ni kwamba unaongea nao wewe. Serikali inakuonyesha mlango na kukukumbusha kubisha hodi. Jibu refu ndilo hili.

Idara zenyewe ni mbili. Ya madini inatoa leseni chini ya Sheria ya Madini ya 1978. Usihangaike sana na jina lake, hubadilika serikali inapojisikia; tangu Julai 2025 inaitwa Idara ya Madini, Petroli na Utafutaji. Ya pili ni Idara ya Mipango, Ardhi na Urithi, ambayo mwaka 2017 iliimeza idara iliyokuwa ya masuala ya Waaborijini. Hii ndiyo inayosimamia Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya 1972. Angalia miaka hiyo. Sheria ya urithi ni kongwe kuliko ya madini, na ilitungwa miaka ishirini kabla ya hukumu ya Mabo ya 1992, pale Mahakama Kuu ya Australia ilipokubali kwa mara ya kwanza kwamba wenyeji walikuwa na ardhi yao kabla ya Mwingereza kushuka pwani. Baada ya hukumu hiyo ikaja sheria ya shirikisho ya haki za asili za ardhi, ya 1993. Kwa hiyo ombi lako moja la leseni linapita kwenye sheria tatu zilizoandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti.

Sasa ramani, maana hapa jamaa wamejitahidi kweli kweli. Idara ya madini ina Tengraph, ramani ya leseni zote za jimbo, zilizo hai na zilizokufa, pamoja na mashamba ya mifugo, hifadhi na mipaka ya madai ya haki za asili. Huhitaji kumjua mtu wala kuacha simu kwa karani, ni kufungua tu na kuangalia. Leseni ya utafutaji inaanza na herufi E, ya uchimbaji M, kisha namba ya kanda: ukiona E47 ujue ni Pilbara Magharibi, nchi ya chuma. Idara ya urithi nayo ina mfumo wake, ACHIS, wa maeneo ya urithi yaliyoripotiwa. Kinachonifurahisha ni kwamba mifumo hiyo miwili inaongea. Unaandika namba ya leseni yako ndani ya ACHIS, inakutolea orodha ya kila eneo lililomo kwenye mipaka ya leseni hiyo, pamoja na ripoti za ukaguzi wa urithi zilizowahi kufanywa hapo, na hulipi kitu. Mtu aliyewahi kuzunguka ofisi tatu na barua moja mkononi, akitafuta nani anajua kama kilima fulani kina makaburi, ataelewa kwa nini nimetoa zote tano.

Orodha hiyo ina makundi, na ukiyachanganya unaweza kuponzwa. Kuna maeneo yaliyosajiliwa, ambayo yamepimwa na kukubaliwa kuwa yanakidhi sheria. Kuna yaliyowasilishwa, taarifa imepokelewa lakini bado hayajapimwa. Na kuna yale ya kihistoria, yaliyopimwa yakaonekana hayakidhi. Kijana mgeni huona neno "limewasilishwa" akadhani ni kama ombi ambalo bado halijakubaliwa, basi njia ni nyeupe. Hapana. Sheria inalinda eneo lolote linalokidhi maelezo yake, liwe kwenye daftari au lisiwe. Daftari ni msaada wa kumbukumbu tu. Mahali pasipokuwa na alama kwenye ramani mara nyingi ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kwenda kuuliza.

Kisha utakutana na miraba. Baadhi ya maeneo hayaonyeshwi mahali yalipo hasa; mfumo unachora kivuli kikubwa, kwa kawaida kilomita za mraba nne au zaidi, na kukuambia liko humo ndani. Mengine yana kizuizi cha jinsia: taarifa zake ni za wanaume peke yao au wanawake peke yao, na afisa wa jinsia nyingine haruhusiwi kulisoma jalada. Wahandisi wa Kizungu hulalamika sana kuhusu miraba hii, wanasema inawapotezea ardhi. Mimi nimewahi kufanya kazi na Mdigo mmoja wa Kwale ambaye alipoiona mara ya kwanza hakuuliza swali hata moja. Aliyekulia karibu na kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, anajua kuna mahali hupelekwi mpaka upelekwe, na kwamba wewe kutojua kilichomo hakumaanishi hakuna kitu.

Nyota tano hizo basi hazina ubishi. Twende kwenye ushirikiano wa idara.

Sehemu bora kuliko zote haizungumzwi sana kwa sababu ni makaratasi matupu. Ukiomba leseni ya utafutaji, serikali inaweza kuipitisha kwenye njia ya haraka ya sheria ya 1993, ikitangaza kwamba kazi yako haielekei kuvuruga maisha ya jamii wala maeneo yao muhimu. Tangazo likitoka, wenye haki za asili wana miezi minne ya kupinga mbele ya Baraza la Taifa la Haki za Asili. Lakini kabla idara ya madini haijakupitisha huko inataka hati ya kiapo kutoka kwako, inayoonyesha kwamba mna mkataba wa urithi na wenye haki wa eneo, yaani makubaliano ya jinsi maeneo yao yatakavyokaguliwa na kulindwa, au kwamba umewapelekea mkataba wa kawaida wa kanda, ule wa mfano ulioandaliwa tayari, ukiwa umetiwa saini upande wako. Usipoleta, ombi lako linaangukia njia ndefu ya majadiliano, na kwa kampuni inayoishi kwa fedha za wanahisa, njia ndefu ni njaa.

Hapo ndipo nilipoelewa ushirikiano wa serikali unavyoweza kufanya kazi. Idara ya madini haijui chochote kuhusu vilima vitakatifu na haijifanyi inajua. Inachokijua ni kwamba waombaji wana haraka, nayo imeifunga haraka hiyo kwenye sharti la kwenda kuonana na wenyewe. Mwanajiolojia ambaye asingeinua simu kwa hiari yake anaiinua, maana bila ile hati leseni yake inakaa foleni.

Baada ya hapo kamba inalegea. Leseni ikitoka huja na karatasi yenye mambo ya aina mbili. Kuna masharti, ambayo ukiyavunja unaweza kunyang'anywa leseni: kufukia mashimo, kuondoa takataka, kutoa taarifa kwa mwenye shamba. Halafu kuna maelezo ya kukumbusha, ambayo kazi yake ni kukuelekeza kwenye sheria nyingine. Sheria ya urithi ya 1972 iko kwenye kundi hili la pili. Mwenye leseni "anakumbushwa" kwamba sheria hiyo ipo. Kufukia shimo ni sharti, kaburi la watu ni ukumbusho. Anayebisha achukue leseni yoyote ya utafutaji ya jimbo hili asome ukurasa wa pili.

Ni vivyo hivyo unapoleta mpango wa kazi, yaani ile fomu ya kuomba kupeleka katapila na mashine za kuchoronga. Idara ya madini inaupima kwa macho ya mazingira: utakata miti mingapi, udongo wa juu utauweka wapi, utarudishaje ardhi. Kibali kikitoka, kinasema wazi kwamba hakikuondolei wajibu wako chini ya sheria nyingine. Kwa lugha ya kwetu: haya nimeyamaliza ya kwangu, ya jirani yangu kamuulize mwenyewe. Jirani naye anayo ramani na ana maafisa wenye adabu, lakini katika hatua hiyo hana muhuri ambao bila huo katapila haliondoki. Kampuni makini itakuwa imeshafanya ukaguzi na wazee. Kampuni isiyo makini imeshika kibali halali cha serikali na itakuonyesha.

Nimewahi kuwa chini ya bosi wa namna hiyo, katika kampuni nisiyoitaja, aliyeamini kwamba kwa kuwa idara zinapeana taarifa basi taarifa yake imeshafika kwa wenyeji. "Serikali imeshawaambia," alikuwa akisema, na kikao kinafungwa.

Halafu kuna kifungu cha 18 cha sheria ya urithi, ambacho ndicho kilichonifanya niikate ile nusu.

Kifungu cha 17 kinasema ni kosa kuharibu eneo la urithi. Kifungu cha 18 kinaeleza jinsi ya kuharibu bila kuwa na kosa: mwenye ardhi, na mwenye leseni ya madini anahesabiwa hivyo, anaomba ridhaa, kamati inalipima eneo na kutoa ushauri, waziri wa masuala ya Waaborijini anaamua kwa kuzingatia maslahi ya jumla ya jamii. Jamii hapo ni jimbo zima, na jimbo zima linakula chuma. Kati ya 2010 na 2020 yalipokewa maombi 463 ya kampuni za madini chini ya kifungu hicho. Lililokataliwa ni moja.

Ukiipima kama huduma kwa mteja, hiyo ni rekodi ambayo duka lolote lingeitundika ukutani. Ila jiulize mteja ni nani.

Habari ya Juukan wengi mmeisikia juu juu. Ni mapango mawili ya mwamba huko Pilbara, kwenye nchi ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, karibu na mgodi wa chuma wa Rio Tinto uitwao Brockman 4. Ridhaa ya kifungu cha 18 ilitolewa mwaka 2013. Mwaka uliofuata wakaingia wanaakiolojia kuokoa kilichoweza kuokolewa kabla ya mgodi kufika, na walichokikuta kikabadilisha kila kitu kuhusu mahali hapo: dalili za watu kuishi humo miaka 46,000 iliyopita, vifaa zaidi ya 7,000, kifaa cha mfupa wa kangaruu chenye miaka kama 28,000, na kipande cha mkanda uliosukwa kwa nywele za watu miaka 4,000 iliyopita, nywele ambazo vinasaba vyake vinalingana na vya wenyeji walio hai leo. Bibi wa bibi zao kabisa.

Karatasi ya 2013 haikubadilika. Sheria ya 1972 haikuwa na nafasi ya kuirudia ridhaa baada ya kujua zaidi. Kampuni nayo ilikuwa imepima njia nne za kuuchora mgodi, tatu zikiyaacha mapango salama, na wenyeji hawakuambiwa kuhusu hizo tatu. Iliyochaguliwa ni ile ya nne, iliyofungua njia ya tani milioni nane zaidi za madini. Mei 2020 wenyeji walipogundua kwamba baruti zimeshapakiwa kwenye mashimo, mawakili wao wakaanza kuhangaika. Waliifikia ofisi ya waziri wa shirikisho wa wenyeji wa asili, wakaelekezwa waende kwa waziri wa mazingira, maana sheria ya shirikisho ya 1984 ya kuzuia kwa dharura iko mikononi mwake. Tarehe 24 Mei mapango yalilipuliwa. Wakubwa watatu wa kampuni, mkurugenzi mkuu akiwamo, waliondoka baada ya wanahisa kuja juu.

Sisemi haya kwa kupiga soga. Katika habari nzima kila ofisi ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Ridhaa ilikuwa halali na majalada yalikuwa mahali pake. Afisa aliyesema nenda kwa fulani alisema kweli. Hapakuwa na ofisi hata moja iliyosema simama. Siku tano baadaye, tarehe 29 Mei, ilitolewa ridhaa nyingine ya kuharibu maeneo yasiyopungua 40 ya watu wa Banjima kwa ajili ya mgodi wa South Flank wa kampuni ya BHP, na waziri wa jimbo aliyetia saini alikuwa yeye mwenyewe Mwaborijini. Kampuni, kwa kuona moto unavyowaka kwa jirani, ikasema haitayagusa bila kurudi kuongea na wenyewe. Banjima walikuwa wamefungwa na makubaliano yao wasipinge hadharani. Sasa hebu niambie ukipeleka mtu mwema akae kwenye kiti kile, chini ya sheria ile, atafanya nini cha tofauti?

Wenye umri watakutajia Noonkanbah ya 1980, serikali ya jimbo ilipopeleka msafara wa malori na polisi kutoka Perth hadi Kimberley, kaskazini mwa jimbo, ili kisima cha mafuta kichorongwe mahali ambapo wenyeji walikataa. Kisima kilichorongwa, mafuta hayakuwepo. Na wanaofuatilia mahakama watakutajia 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo iliposema ilikuwa kosa kuliondoa eneo la Port Hedland kwenye daftari kwa kudai kwamba eneo takatifu lazima liwe limetumika kwa ibada, kama vile kila dini duniani ina benchi na madhabahu.

Je, hawakujifunza? Walijaribu. Desemba 2021 jimbo lilipitisha sheria mpya, yenye faini hadi dola milioni kumi kwa kampuni, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2023. Mimi binafsi niliisubiri kwa hamu na kwa hofu, hamu ya raia na hofu ya mjaza fomu. Iliwagusa hata wakulima na wenye viwanja vya zaidi ya mita za mraba 1,100, wakati ofisi za wenyeji zilizotakiwa kuwahudumia waombaji nyingi zilikuwa bado hazijaundwa. Fikiria hospitali iliyofungua mapokezi kabla ya kuajiri madaktari. Kelele zikawa kubwa, na tarehe 8 Agosti Waziri Mkuu wa jimbo, Roger Cook, akatangaza kuifuta. Novemba mwaka huo tukarudi kwenye sheria ya 1972, ikiwa imetiwa viraka.

Viraka hivyo ndivyo vilivyoipandisha alama ya ulinzi kutoka moja hadi mbili. Zamani waziri akiamua, mwenye leseni aliweza kukata rufaa na mwenyeji hakuweza. Sasa wote wawili wana mlango wa Baraza la Utawala la jimbo. Taarifa mpya ikijitokeza baada ya ridhaa, mwenye ridhaa analazimika kumjulisha waziri, naye anaweza kuibadilisha au kuifuta. Hicho ni kiraka cha Juukan moja kwa moja. Kamati mpya ina wenyeviti wawili Waaborijini, mwanamume na mwanamke. Mazuri hayo. Lakini Waziri Mkuu wa jimbo amebakiziwa uwezo wa kulichukua shauri mikononi mwake akisema lina umuhimu kwa jimbo, na adhabu zimebaki zile za zamani: kampuni inayoharibu eneo bila ridhaa kwa mara ya kwanza inakabiliwa na faini isiyozidi dola 50,000. Kuna siku mashine moja ya kuchoronga inakula zaidi ya hizo.

Anayetaka kuona inavyowezekana kwa namna nyingine apande ndege hadi Northern Territory, jirani zetu wa mashariki. Kule kuna mamlaka ya pekee ya maeneo matakatifu, nje ya idara ya madini na nje ya idara yoyote ya mipango, na wengi kwenye bodi yake ni walinzi wa mila wenyewe, wanaume na wanawake kwa idadi sawa. Unaomba cheti kwao, wanakwenda kuongea na wahusika, cheti kinakuja na masharti, safari hii masharti kweli. Mwaka 2013 mahakama iliitoza OM Manganese dola 150,000 kwa kuliharibu eneo liitwalo Wanawake Wawili Wamekaa, pale Bootu Creek. Kwa simulizi iliyotolewa hadharani wakati huo, wahenga wawili, panya na bandikuti (mnyama mdogo wa Australia mwenye mfuko), waligombania chakula mpaka damu ikamwagika, na ile rangi nyekundu iliyokoza ya mwamba ndiyo damu yao. Kwa mjiolojia, hiyo ni manganizi. Mamlaka hiyo nayo haikosi kasoro, mgodi ulishachimba na mwamba ulishaporomoka. Ila kuna mlango mmoja wa kugonga, na aliye nyuma yake ana mamlaka.

Nirudi jimboni kwetu, Pilbara na Goldfields, ile kanda ya dhahabu, kwenye kitu ambacho serikali haikitoi lakini bila hicho huduma yake yote ingekuwa karatasi. Ni ukaguzi wa ardhini. Mnakwenda na wazee, mwanaanthropolojia, wakati mwingine na mwanaakiolojia, mnatembea kwenye mistari ya mashimo yaliyopangwa. Gharama zote ni za kampuni: siku zao, mafuta, chakula, malazi. Katika safari moja tuliongozwa na mama mmoja mzee ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata mjiolojia wetu mwenye mvi kumzidi. Alifika kwenye kijito kikavu, akasimama, akaongea na mwenzake kwa lugha yao. Kisha akasema mashimo ya upande huu yahamie ng'ambo. Kijana wetu akataka kuuliza sababu, mwanaanthropolojia akamgusa bega. Kwenye ripoti iliandikwa tu: upande huu ruksa, upande ule hapana. Sababu hazikuandikwa, na mkataba wetu haukuzidai. Tulihamisha mashimo. Dhahabu, kama ipo, mashine inachoronga kwa pembe na inaweza kuifuata.

Hapo nilipata nilichokuwa nimekikosa ofisini. Katika ACHIS eneo lile halikuwa na alama yoyote, na baada ya safari yetu bado halina, kwa sababu wenyewe hawakutaka liandikwe. Taarifa zile ambazo idara hizo mbili zinapeana kwa ufanisi ni zile tu ambazo wenyeji waliamua kuzitoa. Ndiyo maana nasema nyota za ramani usizichanganye na nyota za ulinzi.

Kwa vijana mnaoanza kazi za leseni hapa, haya ni ya kufanyia kazi kesho asubuhi. Kagua Tengraph na ACHIS siku ile ile, hifadhi matokeo yakiwa na tarehe, na urudie kukagua kabla ya kila mpango wa kazi, maana maeneo mapya huwasilishwa wakati wowote. Mjue mwenye haki za asili kwa jina la shirika lake na anwani yake ya sasa, usitumie ile iliyomo kwenye jalada la kampuni iliyouza leseni. Mkataba wa kawaida wa kanda usome wote, hasa sehemu ya nani analipwa nini na ripoti ni mali ya nani. Omba ukaguzi miezi kabla ya mashine kufika. Wazee ni wachache, kampuni ni nyingi, na kuna misimu ya misiba na ya shughuli za mila ambapo hawataenda kokote na wewe. Na mkubwa wako akikuuliza kama idara ya madini imeshatoa kibali, mjibu kwamba imetoa, kisha mpe tarehe ya ukaguzi wa wazee kama tarehe ya kuanza kazi.